Wenye Chakula cha Mifugo na Wenye Mifugo Watafutane

Katika mazungumzo yetu ya juma hili twataka kusema habari ya biashara moja inayoweza kulisha jamaa bila kumdhulumu mtu, nayo ni kuuza chakula cha mifugo kwa jumla katika mji. Wengi wanaijaribu. Baba mwenye akiba kidogo ananunua pumba wakati wa bei nafuu, anajaza chumba kimoja cha nyumba yake, kisha anaketi mlangoni akingoja wanunuzi. Miezi miwili inapita. Pumba zinaanza kunuka, panya wanatoboa magunia, na karo ya watoto imelala ndani ya magunia yale yale. Baba huyo analalamika ya kuwa mjini hakuna wafugaji. Kumbe wapo, tena karibu naye, ila hakwenda kuwatafuta.

Huyo ameanza kazi kwa mwisho wake. Amenunua mzigo kabla ya kujua nani ataula. Sisi twasema hivi: wajue kwanza walaji, ndipo ununue chakula. Na ukiisha kuwajua, watendee haki, kwa maana mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi tena.

Mji wenye pumba nyingi

Tuchukue mfano wa Lubumbashi. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga, na hata leo bukari ya mahindi ni chakula cha kila siku katika nyumba nyingi. Penye bukari pana vinu, na penye vinu pana pumba. Pana pia kiwanda cha bia, na kiwanda hutoa machicha ambayo nguruwe hula kwa furaha.

Lakini mahindi mengi ya mji huu hutoka ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia, nayo hupitia Kasumbalesa. Kwa hiyo mambo ya Zambia yanafika hata kwenye vyungu vyetu. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame wa mwaka ule kuwa balaa la taifa zima. Mahindi yakaadimika, unga ukapanda bei, na pumba zikaufuata unga. Mavuno ya 2025 yalikuwa mengi tena. Mwenye kuuza chakula cha mifugo hana budi kukumbuka jambo hilo: mwaka mmoja haufanani na mwingine, na mtu asiye na wanunuzi wa hakika ndiye anayeanguka wa kwanza bei inapogeuka.

Hapa tuseme neno moja la dhamiri. Wakati wa njaa, mahindi mazuri ni ya watu. Mfanyabiashara Mkristu hawezi kununua mahindi ya kula na kuyapeleka kwa nguruwe wakati jirani yake analala njaa. Pumba, machicha na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, hayo ndiyo yaliyo halali ya wanyama kwanza.

Hesabu ulaji, usihesabu vichwa

Mtu akiuliza, «Je, mtaani kwako pana wafugaji wangapi?» jibu lake halisaidii sana. Afadhali aulize mifugo ile inakula kiasi gani kwa siku. Mama mwenye kuku 10 wa kienyeji wanaotembea uani si mnunuzi wako. Kuku wake wanaokota wadudu na mabaki ya jikoni. Mwenye mbuzi 2 naye huwapa majani na maganda. Usipoteze siku yako kwa hao, bali wasalimu kwa heshima, upite.

Kuku wa mayai aliyefungiwa bandani ni mlaji mwingine kabisa. Yeye hana mahali pa kuokota kitu. Akiwa mzima hula kama gramu 120 kwa siku, naye hula kila siku, hata siku asipotaga. Basi nyumba yenye kuku 50 wa namna hiyo hutumia kilo 6 kwa siku, ndizo kilo 180 kwa mwezi wa siku 30, yaani magunia matatu na nusu na zaidi kidogo, kila gunia likiwa la kilo 50.

Nguruwe wa kunenepesha hula kama kilo 2 na nusu kwa siku. Nguruwe 4 hula kilo 10 kwa siku, na kilo 300 kwa mwezi. Tazameni: nguruwe 4 tu wanakula kuliko kuku 50! Anayehesabu vichwa angemkimbilia mwenye kuku 50, akamwacha mwenye nguruwe 4.

Kuku wa nyama yeye ana desturi yake. Hukaa bandani kama majuma 6, na kwa muda huo hula karibu kilo 4. Kisha anauzwa, na banda linabaki tupu mpaka vifaranga vingine waletwe. Mwenye kuku wa nyama atanunua sana, halafu atanyamaza. Usidhani ya kuwa amekuacha. Uliza tu siku aliyoleta vifaranga, uiandike katika daftari, nawe utajua siku ya kumrudia. Wengi hufuga kwa ajili ya Noeli, Mwaka Mpya na Pasaka. Basi anayeuza kuku wakati wa Noeli ameweka vifaranga bandani tangu mwanzo wa Novemba, na mwenye kumtafuta mwezi wa Desemba amechelewa.

Sasa ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Baba anataka kuleta gari moja la tani 3 za chakula cha kuku wa mayai. Je, atafute nyumba ngapi zenye kuku 50, ili mzigo wote uishe kwa mwezi mmoja? Gawanyeni kilo 3,000 kwa kilo 180. Jibu ni nyumba 16 na sehemu, basi tuseme nyumba 17. Huo ndio mji wote anaouhitaji! Hana haja ya kupiga mbiu katika soko. Anahitaji milango 17 anayoijua, yenye watu wanaomwamini.

Mahali pa kuwatafuta

Wafugaji wa mjini hawaonekani barabarani. Mabanda yao yako nyuma ya nyumba, ndani ya lupango lenye ukuta. Katika mitaa iliyosongamana, kama Kenya na Katuba, nafasi ni ndogo. Pembezoni mwa mji, katika Annexe inayozunguka mitaa mingine, mtu aweza kupata kiwanja kikubwa zaidi. Lakini usiende kubisha hodi kila mlango. Ziko njia fupi.

Kwanza, nenda kwa wale wanaouza vifaranga. Kila sanduku la vifaranga lina mwenyewe, naye atahitaji chakula tangu siku ile ile. Muuza vifaranga mwenye busara atafurahi kukutambulisha, kwa kuwa vifaranga wakifa kwa kukosa chakula kizuri, lawama itamrudia yeye.

Pili, zungumza na daktari wa wanyama na wale wauzao dawa na chanjo. Hao wanajua nani ana banda la kweli na nani ana maneno tu.

Tatu, kaa asubuhi moja karibu na kinu. Tazama wanaokuja kununua pumba kwa ndoo. Anayekuja kila siku ya pili na ndoo mbili, huyo anafuga. Tena ananunua kidogo kidogo kwa bei ya juu, wala si kwa kupenda, bali hana gari la kuleta magunia, au hana fedha ya magunia mengi mara moja. Huyo ndiye mnunuzi wako wa kwanza.

Nne, waulize akina mama wanaouza mayai sokoni. Mayai mengine hutoka Zambia, lakini mengine hutoka hapa mjini, na muuzaji anajua yametoka kwa nani.

Ukiisha kumpata mtu, usianze kwa kumsifia bidhaa yako. Mwombe akuonyeshe mifugo yake akipenda, umwulize anawalisha nini, ananunua wapi, na kitu gani kinamsumbua. Mmoja atasema bei, mwingine uzito, wa tatu atasema pumba zina mchanga. Yaandike yote. Mwisho wa juma daftari lako litakuwa limekuambia ununue nini, na kiasi gani, hata kabla hujatoa faranga moja.

Neno moja zaidi kuhusu parokia. Ni kweli ya kuwa jumuiya zetu hukusanya watu wa mtaa mmoja, na wengi wao hufuga. Lakini jumuiya si soko. Usisimame baada ya sala kutangaza magunia yako bila ruhusa ya wakubwa. Wala usimwambie ndugu, «Nunua kwangu kwa sababu tunasali pamoja.» Afadhali aseme mwenyewe, «Nanunua kwake kwa sababu gunia lake ni kilo 50 kweli.»

Haki ya mizani

Maandiko Matakatifu yanachukia mizani ya udanganyifu, na kila mfugaji anaichukia pia. Mjini pumba hupimwa mara nyingi kwa ndoo au kopo. Ndoo yaweza kugongwa chini ikapata dendi, na pumba zaweza kumiminwa polepole zisishikane. Nunua mizani ya kuning'iniza, uitundike mahali pa wazi, na mnunuzi asome mwenyewe. Fedha ya mizani itarudi upesi.

Udanganyifu wa pili ni mchanga. Mfugaji na ajipime hivi: atie konzi moja ya pumba katika glasi ya maji, akoroge, angoje kidogo. Pumba zitaelea au kubaki juu, mchanga utazama. Na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa juu ya mchanga wapimwe vivyo hivyo baada ya kusagwa. Muuzaji mwema atafanya jaribio hilo mbele ya mnunuzi, bila kuombwa.

Udanganyifu wa tatu unafichwa katika jina. Mtu anaandika juu ya gunia «Chakula cha kuku wa mayai», na ndani mna pumba tupu. Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini kama gramu 16 au 17 katika kila gramu 100, na pumba za mahindi zina kama gramu 10 tu. Protini ndiyo inayojenga mwili na yai. Anahitaji pia chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai. Ndiyo maana hutiwa mashudu ya soya, dagaa waliosagwa, na magamba ya konokono au mawe ya chokaa yaliyopondwa. Soya yenyewe lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia tumbo lisitumie protini. Mama akilisha pumba tupu, kuku watapunguza mayai, naye atasema kuku wana ugonjwa, au jirani amewatazama kwa jicho baya. Hivyo uongo mmoja juu ya gunia unaleta hasara bandani na chuki mtaani. Kama unauza pumba, sema ni pumba.

Na machicha? Ni mazuri, lakini yakitoka kiwandani zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Anayenunua kilo 100 amenunua kilo 20 au 25 tu za chakula kikavu. Tena huharibika baada ya siku chache. Muuzaji amweleze mnunuzi jambo hilo, na ayapeleke siku ile ile.

Ukungu unaua

Mwaka 1960, katika Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza, walikuta sumu ndani ya mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazili. Sumu ile ilitokana na ukungu, nayo ikapewa jina la aflatoksini. Huingia katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Bata na batamzinga huumia upesi sana. Lakini hata mtu huumia, maana sumu hiyo huharibu ini na huweza kuleta kansa.

Kwa hiyo gunia lililolowa mvua ya Januari lisichanganywe na jingine ili lisionekane. Moto wa jikoni hauondoi sumu hiyo, wala jua haliponyi mahindi yaliyokwisha kuoza. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali panapopita hewa. Pumba zina mafuta, nazo zikikaa sana huchacha. Basi nunua za majuma machache tu, usinunue za nusu mwaka. Na mzigo ukiharibika, hasara ni yako. Ni uchungu, lakini uchungu huo ni afadhali kuliko kumwulia mjane bata wake.

Usiwe mjumbe wa ugonjwa

Jambo hili wengi hawalifikiri. Mwenye kupeleka chakula huingia nyumba 17 kwa juma moja. Akikanyaga banda lenye ugonjwa, viatu vyake vinaubeba mpaka banda la pili. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza 1921 kutoka Kenya, haina dawa, nayo huweza kumaliza nguruwe wote wa mtaa kwa siku chache. Haimpati mtu, lakini huchukuliwa na viatu, magari, magunia na mabaki ya nyama. Kideri ya kuku nayo husafiri vivyo hivyo. Hiyo ina chanjo, basi wafugaji na wasiache kuchanja.

Muuzaji ashike desturi hii: magunia yashushwe langoni, na mwenye nyumba ayaingize mwenyewe. Magunia matupu ya bandani yasirudishwe kutiwa chakula cha mwingine. Na akisikia ya kuwa nguruwe wa nyumba fulani wamekufa, asiende kwanza kuona, bali amwarifu daktari wa wanyama. Akifanya hivyo, amelinda mali ya watu na biashara yake pamoja.

Deni na umoja

Biashara nyingi za namna hii hufa kwa deni. Hatusemi, «Usikopeshe kamwe.» Twasema deni lifuate mapato ya mnyama. Kuku wa mayai humpa mwenyewe fedha kila siku. Basi alipe kila juma. Kuku wa nyama hutoa fedha baada ya majuma 6. Mwenyewe alipe nusu anapochukua chakula, na nusu siku ya kuuza, na siku hiyo iandikwe. Nguruwe hungojewa miezi 6 na zaidi, naye aweza kufa kabla ya kuuzwa. Kumkopesha mtu chakula cha nguruwe kwa muda wote huo ni kumpa mali yako aichezee bahati nasibu. Alipe kila mwezi kwa mapato mengine, au apunguze nguruwe. Na popote, asiyelipa gunia la kwanza asipewe la pili. Yote yaandikwe mara mbili, moja kwako na moja kwake, hata kama fedha imetumwa kwa simu.

Yaweza kuwa pia wafugaji wenyewe waanze safari kutoka upande wa pili. Nyumba 17 zikikusanya fedha yao pamoja, zinaweza kuagiza gari zima na kulipa bei ya jumla. Papa Yohane wa 23, katika barua yake Mater et Magistra ya 1961, aliwahimiza wakulima waungane na kuanzisha vyama vya ushirika. Sheria ya vyama hivyo inayotumika katika Kongo, iliyotungwa 2010 na nchi za OHADA, inaruhusu chama chepesi kuanzishwa na watu 5 tu. Lakini sheria haileti uaminifu. Mshika fedha asiwe ndiye mwandishi wa daftari. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Na mzigo upimwe machoni pa wote unaposhushwa. Chama kisichofanya hivyo huanza na nyimbo na kuishia kwenye ugomvi.

Akina baba na akina mama wapenzi, katika kazi hii mmoja ana pumba zinazooza, mwingine karibu naye ana kuku wenye njaa, na hawajuani. Anayewakutanisha kwa mizani ya haki anastahili faida yake, na wala asione haya kuipokea. Juma hili msinunue gunia lo lote. Chukueni daftari, mpite mtaani kwenu, mkaandike majina 17. Mkikosa hata 10, mmeokoa akiba yenu. Mkiyapata yote, leteni gari.